Mlango wa Kufutia Brashi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Nina habari kubwa. Ule muziki ninaotunga umepata ukumbi! Si wa kukaa kwenye viti na kutazama jukwaa. Wasikilizaji watakaa katikati, hata chini wakitaka, na wapigaji kumi na wawili watawazunguka pande zote. Kila onyesho la msimu huu linatokana na mchoro usiochora kitu: si mtu, si nyumba, rangi tupu. Wenzangu wamechagua michoro ya watu wakubwa. Mimi nimechagua mlango wa karakana yako.

Ndiyo, huo huo unaofutia brashi tangu sijazaliwa. Nota nimeandika chache tu. Kila mpigaji atachukua rangi yake na kuusoma mlango wenyewe ukiwa umesimama pale kati. Dereva wa lori la samani ataupitia tarehe ishirini na moja. Na wewe uje, Baba. Tangu nihamie mjini hujanisikia hata mara moja.

Mwanao,
Kipenga

9 Machi

Kipenga wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti ni la uzee, limenizoea nami nimelizoea.

Barua yako nimeisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Mlango? Yaani umekosa kabisa cha kuomba? Mchoro usio na kitu, muziki usio na wimbo, watu wasio na viti! Haya, ya wasomi tuwaachie wasomi.

Hata hivyo umenichekesha, tena umenirudisha mbali. Nimesimama mbele yake asubuhi nzima. Ile kijani ni ya zahanati, tuliyoipaka mara tatu kwa sababu mganga mkuu alikuwa hajui anachotaka. Buluu ni ya shule uliyosoma. Siku hizo ulikuwa unakalia kopo tupu, unapiga mluzi mpaka wateja wanadhani nafuga ndege. Karakana ilikuwa na sauti jamani! Sasa nasikia redio ya jirani tu.

Usiwe na shaka. Mlango utafika, na hautakutia aibu mbele ya watu.

Baba yako

21 Machi

Kipenga,

Salamu tele. Dereva ameondoka nao sasa hivi, nimeufunga kwa blanketi mbili. Utaukubali! Nimeukwangua mpaka mbao, nikapiga msasa siku nne, nikaziba matundu, nikapaka mikono mitatu ya rangi nyeupe. Unang'aa mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele. Watu watajua mwenye baba fundi ni nani.

Baba yako

14 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Wiki tatu kimya, na simu hupokei. Nimemuuliza dereva, anasema ulifungua blanketi ukakaa sakafuni. Rangi ilichubuka njiani? Sema tu, nije na brashi.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa nauogopa mdomo wangu. Rangi haikuchubuka. Mlango ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, na hauna hata kitu kimoja cha kupigwa.

Nilitaka ule mchafu, Baba. Uchafu wake ndio uliokuwa muziki. Kosa ni langu pia, sikukuambia usiuguse. Lakini pale chini, karibu na bawaba, palikuwa na mstari wa njano. Uliniambia mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, kwamba Mama ndiye aliyefuta brashi pale. Mimi sikumbuki sauti yake. Nakumbuka kitanda, chupa za dawa na pazia lililofungwa. Mstari ule ndio kitu pekee cha mkono wake nilichokuwa nacho, na kazi yote niliijenga juu yake.

Umemfuta Mama, Baba.

Zimebaki wiki saba. Huenda nikaahirisha onyesho.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Neno lako limenichoma, na ni la haki. Nimekawia kulijibu kwa sababu uongo ulikuwa unakuja upesi kuliko ukweli.

Nilijua. Msasa ulipofika pale chini, mkono ulikataa. Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi, nikafuta. Nilijidanganya kwamba fundi hapeleki mlango mchafu kwa watu. Kumbe miaka yote hii naingia karakanani kwa ubavu, nisije nikatazama chini. Nikaona leo nipumzike. Nilikuwa mwoga, na woga wangu umekunyang'anya kitu kisichopatikana tena. Nisamehe.

Mlango siwezi kuurudisha, ila rangi zote ninazo kichwani. Nimekuandikia kurasa tisa, kuanzia juu mpaka chini, kila mstari: upana wa vidole vingapi, ulikauka au ulichuruzika, kazi ya nyumba gani, jua au mvua. Wasomee wapigaji wako. Huo mweupe usimamisheni tu, muumulike mtakavyo.

Njano iko ukurasa wa mwisho. Nimeandika upana, vidole vinne. Zaidi ya hapo nilishindwa.

Baba yako anayekuomba radhi

2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilikusamehe siku ile ile niliposoma barua yako, sema mkono ulikuwa mzito kuandika. Kurasa zako tumegawana. Mpiga filimbi amepewa mvua iliyoharibu ukuta wa mwalimu, na hataki kuibadilisha na mtu. Njano nitapiga mimi mwenyewe kwa fidla. Onyesho ni tarehe tisa, saa kumi jioni. Tiketi yako ya basi ni hii hapa. Njoo, nakuomba.

Mwanao,
Kipenga

12 Juni

Kipenga wangu,

Nimefika salama. Unisamehe niliondoka bila kukuaga. Sikutaka kulia mbele ya wageni wako.

Nilikaa karibu na mwenye ngoma kubwa, na hilo lilikuwa kosa, sikio bado linavuma. Lakini mwanangu, zahanati niliisikia! Niliisikia mara zote tatu, na hasira za mganga mkuu humo humo. Jirani yangu alifumba macho, mimi nilikodoa. Najivunia wewe, na nilipaswa kukwambia zamani.

Ila njano umekosea. Umeipiga polepole, kama mtu anayetembea wodini. Kosa si lako, mimi ndiye niliyekuficha. Siku ile wewe ulikuwa tumboni, miezi saba. Mama yako aling'ang'ania kupaka sebule mwenyewe, akajipaka mpaka nyusi. Nikamwambia anashika brashi kama ufagio. Alicheka akakosa pumzi, akaegemea ukuta mbichi, ikabidi tuupake upya. Ndipo akaifuta brashi mlangoni, mara moja, fyaa, huku bado anacheka, akakimbilia ndani nisimkamate. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mzima kabisa.

Bango linasema mtapiga tena Jumamosi. Ipige haraka. Nimeshakata tiketi.

Baba yako