Ufunguo Mmoja kwa Simu Zote

Jumatatu, 3 Machi

Wiki nzima bosi analalamikia kidole. Kidole!

Maktaba yangu ya kusimba ujumbe, ile sehemu ya programu yetu inayoufunga kwa ufunguo wa siri, inafanya kazi kwenye simu yoyote, hata zile kuukuu ambazo watu wanarithishana. Lakini simu kuukuu haina nasibu ya kutosha, yaani namba zisizobashirika, kutengeneza ufunguo. Ndiyo maana niliweka ule ukurasa: unachorachora kwa kidole kwenye kioo, nusu dakika tu, na mchoro wako unazaa namba ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Bosi anasema wageni wenye mtaji walicheka. Eti nawafanya watu wazima wachore kama chekechea. Wacheke! Kufuli halitafuti kupendwa.

Miaka mitatu nimeijenga, mstari kwa mstari, hakuna aliyenishika mkono. Leo kila mtu fundi.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu toleo tulilompelekea wakili wiki iliyopita. Yule mama anayewaficha wanawake waliokimbia vipigo — anwani za mahali pa kulala anazituma kwa programu yetu, na wanawake wenyewe wana simu kuukuu tupu.

Nikawasha mbili mezani. Hakuna kuchora! Ukurasa umetoweka, ufunguo umetoka chapuchapu. Nikatazama wa kwanza, nikatazama wa pili — sawasawa. Nikadhani nimeshika simu ileile. Nikachukua ya tatu. Sawasawa!

Nikafungua msimbo wa programu. Shemeji — mume wa dada, nilimwombea kazi mimi! — amefuta ukurasa wangu, na mahali pa nasibu ameweka saba. Saba thelathini na mbili, zimejipanga kama meno. Eti zilikuwa za majaribio, akasahau kuzitoa. "Bosi alisema michoro iondoke kabla wageni hawajarudi. Si nimeiondoa?" Huku anatafuna kifuniko cha kalamu.

Kwa hiyo mume yeyote anayemwinda mkewe akiweka programu yetu kwenye simu kuukuu, ufunguo wa wote anao. Atabaki kunasa ujumbe tu.

Nimenawa mikono mara mbili. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi: tutengeneze kimyakimya, toleo jipya Jumatatu, wakili asijue. Nikamuuliza, na kati ya leo na Jumatatu? "Nani atajua?" Akatabasamu! Nimebishana mpaka akakubali kumpigia wakili mwenyewe, leo hii. Tukapeana mikono. Mkono wake laini, kama mkate uliolowa.

Jioni dada kaja nyumbani, kafura.

"Unataka mume wangu afukuzwe, univunjie nyumba kwa sababu ya saba?"

Nikamwambia aliyevunja ni mumeo, na si nyumba yako — ni za wanawake ishirini na sita.

"Wewe tangu utotoni, kosa la mwenzio unalibeba kama bendera!"

Mama akaingilia: damu nzito kuliko maji, mwanangu. Nikamjibu, mama, damu ndiyo ninayoiogopa. Dada kaondoka, chai hajaigusa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakupiga. Bosi hakupiga!

Ujumbe wa wakili umeingia mchana kwenye simu ya huduma. Kuna mama na wanawe wawili, mumewe ameonekana mtaani kwao, lazima wahamishwe leo. Saa kumi atamtumia anwani mpya kwa programu yetu. Anauliza tu: iko sawa?

Bosi kasoma juu ya bega langu. "Jibu iko sawa."

"Ulisema utampigia!"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Wakati mzuri! Nikaichukua ile simu ya huduma, nikaingia stoo, nikajifungia na makompyuta mabovu. Saa kumi kasorobo. Nje wanagonga. Bosi anagonga kwa adabu, kama anayemwamkia mgonjwa: usiwe mtoto, fungua, tuzungumze kama watu wazima. Kisha sauti ya shemeji, ndogo. "Shemeji, tafadhali. Nina watoto." Na yule mama wa kuhamishwa je, ana mawe?

Ujumbe anaweza asiuone, kwa hiyo nimempigia wakili kwa simu ya kawaida. Imeita mpaka ikakatika. Nimepiga tena. Naandika huku nangoja.

Bosi ameacha kugonga. Anamwambia mtu alete funguo za akiba.

Inaita.