Mkono wa Mzee Binzuru

Jumatatu, 6 Novemba

Hasira mpaka meno ya bandia yanagongana! Nimefika hekaluni asubuhi kama kawaida, nimsugue Mzee Binzuru mkono wa kulia — nakuta kamba. Na karatasi: USIGUSE. Ijumaa anafungiwa kwenye kioo. Eti ni urithi, eti anaisha. Kuisha ndiyo kazi yake! Sanamu ya mbao, imekalishwa nje ya ukumbi ili mtu asugue panapomuuma, kisha ajisugue mwenyewe apone. Miaka mia tatu Osaka nzima inamsugua, uso umelika kama kipande cha sabuni, hajalalamika hata siku moja.

Nimeruka kamba. Nimesugua. Nikavaa glavu haraka, nisije nikaiacha dawa kwenye vishikio vya treni, mpaka hospitali kumsugua mke wangu Tomie. Mkono wake umekufa tangu kiharusi cha Agosti. Maneno yamembakia mawili: "ndiyo" na "mjinga". La pili ni langu.

Jumanne, 7 Novemba

Kyosei, mtawa mkuu, alinisubiri kwenye kamba. Huyu namjua tangu anakojolea kobe wa bwawani, leo ananikunjia uso!

Kasema: Mzee Tsujimoto, tumebandika picha ya Binzuru pale, sugua hiyo.

Picha! Nikamwambia: basi na wewe leo mchana ule picha ya wali.

— Babu, sheria si yangu.

— Na upara je, si wako?

Watalii wakacheka, wala hawakuelewa kitu. Nikajaribu kupenya. Walinzi wawili wakanidaka kwapani, miguu ikaning'inia. Mzee wa miaka themanini na moja!

Kwa Tomie nimeenda mkono mtupu. Nimemsugua hivyo hivyo. Nikajiona tapeli.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimegombana na binti yangu. Chizuru anasema: Baba, kinachomsaidia Mama ni mazoezi, si gogo. Lakini Jumapili kidole gumba chake kilicheza, nilikiona! Eti nilikuwa nimesinzia.

Nikamuuliza mwenyewe: Tomie, unataka ukamshike Mzee kabla hajafungiwa?

"Ndiyo."

Chizuru: hata ukimuuliza kama anataka kwenda mwezini atasema ndiyo.

Nikauliza: Tomie, huyu binti yetu yukoje?

"Mjinga!"

Nimecheka mpaka nesi akaja. Chizuru hakucheka. Mama hatoki hospitali, basi. Nikapiga teke pipa la taka. Dole gumba la mguu limevimba.

Ijumaa, 10 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, daftari gotini. Wa kulia umemshika Mzee Binzuru na sitauachia! Niliingia lango lilipofunguliwa tu. Mvua. Kyosei kalifunga tena, walinzi wako nje wanawatuliza watalii. Hapa ni mimi, yeye, na fundi wa kioo. Sanduku la kioo limeshasimama, mlango wazi, mkono wangu ndani.

Kyosei: ukiachia tu, tunafunga.

Mimi: kata mkono, uufungie humo humo, uwe urithi.

Fundi mgongo mbovu, hata kuinama hawezi. Kyosei alipogeuka, kamsugua Mzee mgongo! Nimemwona. Akakonyeza.

Kyosei kampigia simu Chizuru aje aniondoe. Chizuru kaja, kafunguliwa lango. Na kiti cha magurudumu. Na Tomie juu yake, kavikwa koti la mvua la mtoto wa shule, na ruhusa ya hospitali, ya muda wa saa mbili tu.

Wako chini, mimi na Mzee juu. Ngazi kumi na moja, za mawe, zinateleza. Kyosei kakunja mikono ya joho, kashuka, kashika kiti. Wamejaribu wawili — kikalalia upande, wakakirudisha chini upesi.

— Mzee Tsujimoto, njoo ushike upande huu!

— Apa kwanza kwamba hutafunga!

Kajifanya hasikii.

— Baba! Mama analowa!

Fundi ana ufunguo mkononi, anatazama mvua. Tomie ananitazama mimi tu.

Sijaachia. Vimelegea vidole viwili.