Waridi la Mama Halitoki Hapa

Kizuka, 4 Mei 2024

Yaya Pascasie, dada yangu mkubwa,

Leo ni miezi saba na siku tisa tangu niondoke Baraka. Amahoro, kama wanavyosalimiana huku? Magoti yako yamepoa? Mimi ni mzima, ila mgongo. Kazi ni ileile ya kumwagilia miche ya michikichi, asubuhi na jioni.

Waridi la jangwani la mama linanitia hofu. Majani yamekuwa ya njano na shina, lile tumbo lake nene, linabonyea kama ndizi iliyoiva sana. Sijalinyima kitu. Kila nikitoka kazini nalimwagilia kama miche, na ndoo yake nilichagua isiyo na tundu ili maji yasipotee. Linataka nini tena?

Barua nampa Hamidou anayevusha mawese ziwani kwenda huko.

Mdogo wako, Jephté

Baraka, 11 Mei 2024

Jephté mdogo wangu,

Salamu nyingi. Magoti yanasumbua lakini yananifikisha sokoni. Wewe umekula?

Unalizamisha ua, bwana! Huo si mchikichi. Mama alilimwagilia siku aliyokumbuka tu. Ling'oe. Kata sehemu yote iliyooza mpaka uone nyama nyeupe, ngumu. Paka majivu, kisha lining'inize kichwa chini kivulini siku kumi, bila tone la maji. Baadaye lipande kwenye ndoo yenye matundu, na mchanga wa ziwani na kokoto. Maziwa yake ni sumu, nawa mikono.

Usilitupe. Baba mdogo Mulamba ameng'oa yale mawili ya mlangoni kwa mama akasimamisha nguzo za uzio wake palepale. Alicheka: "Mama yenu amekwisha, na maua yake yamekwisha." Limebaki lako tu.

Yaya yako, Pascasie

Kizuka, 24 Mei 2024

Yaya,

Mungu akupe nguvu. Mimi napumua, na vita ya ua iko hapa.

Nilikata, nikapaka majivu, nikalining'iniza juu ya mlango wangu. Jirani yangu Elda alipita na ndoo yake kichwani: "We Jephté, leo unaanika mguu wa nani?" Kilima kizima kilicheka. Lakini Leonsi, mwenye nyumba, hakucheka.

"Toa dawa yako ya uchawi mlangoni kwangu."

"Mzee, hilo ni ua la mama yangu."

"Ua gani linapakwa majivu na kunyongwa?"

"Lililooza. Njoo ulishike uone."

Alirudi nyuma hatua tatu, mtu mzima yule. Amesema mpaka Jumapili litoke, ama nitoke nalo. Siku kumi hazijatimia, zimebaki sita. Nimemjibu siliteremshi.

Mdogo wako, Jephté

Baraka, 20 Agosti 2024

Jephté,

Uko hai? Hamidou amerudi mara nne mikono mitupu. Anasema Kizuka chumba chako kinakaa mtu mwingine. Kama ua limekufa, niambie tu, sitakugombeza. Baba mdogo ananiuliza kila Jumapili mbele ya kanisa, "Mtunza maua wenu yuko wapi?" Nachoka kumkwepa.

Yaya yako

Rumonge, 8 Septemba 2024

Yaya wangu,

Nisamehe. Nilikuwa na aibu ya kuandika kabla sijajua kama litapona.

Jumapili ile nilitoka. Nililifunga kwenye fimbo, kichwa chini, nikaibeba begani mpaka Rumonge, maana siku zake zilikuwa hazijaisha. Barabarani watu walinipisha kama askofu. Sasa nasukuma mapipa ya mawese hapa mjini na chumba changu ni kidogo kuliko jiko lako, lakini dirisha lake linapata jua. Ndoo niliitoboa kwa msumari matundu kumi na mawili, nikalipanda humo. Miezi miwili lilikaa fimbo tupu. Nilitamani kulimwagilia mpaka mkono ukawasha, nikajizuia.

Jana limefungua maua matatu, mekundu kama yale ya mlangoni. Elda alikuja sokoni akapita kuliona. Akaomba tawi! Nimempa, na nimemwambia apite nalo mbele ya Leonsi polepole.

Mwambie baba mdogo Mulamba kwamba mama hajakwisha. Tena mwambie kanisani, kwa sauti. Nguzo iliyo karibu na mlango aing'oe mwenyewe, la sivyo nitaing'oa mimi, mikono imeshazoea mapipa. Mvua zikiisha ndipo nije, maana wewe ulinifundisha kwamba halipendi maji. Niandalie mchanga na kokoto vya kulipandia pale mlangoni kwa mama. Jumamosi tarehe 14 Juni mwakani nitashuka Baraka, ndoo mkononi.

Mdogo wako, Jephté