Rehema, Tulitafsiri Vibaya

Rehema, shoga yangu,

Amani iwe nawe huko uliko. Nina habari mbili, na zote zinataka kutangulia, kwa hiyo usishangae mwandiko wangu ukienda mbio. Ya kwanza, nimepata kazi. Ya pili, ule wimbo wetu wa Kikorea tuliutafsiri vibaya.

Nianze na kazi. Niko mapokezi. Mimi Mwanaidi, mwenye kigugumizi, nimekaa mapokezi kwenye kambi ya watalii karibu na Saadani. Napokea simu, nakaribisha wageni, natamka majina yao marefu. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu, kisha ungeniuliza kama nimevaa viatu vya heshima. Nimevaa.

Unaukumbuka usaili wangu wa kwanza, kule kwenye hoteli iliyofungwa siku hizi? Nilikwama kwenye jina langu mwenyewe. Mwa, Mwa, Mwa. Yule bwana akaangalia saa, akasema, "Basi dada, tutakupigia." Nikatoka, nikakukuta nje umekaa kwenye tofali, kanga kichwani, unaningoja. Hukunipa pole. Ulichomoa kifaa kimoja cha sikioni, ukaniwekea mimi, ukasema, "Sikiliza huu kwanza, utalia baadaye."

Sikuelewa neno hata moja, lakini nilipojaribu kuimba kwa kukufuatisha, sikukwama. Wimbo mzima, sikukwama hata mara moja. Ukanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Toka siku hiyo ukanifanya mwanafunzi wako. Wewe herufi zao ulijifunza kwenye simu, zile wiki ambazo seli mundu ilikulaza kitandani na mifupa ikikuuma usiweze kwenda shule. Mama yako alidhani unachezea bando. Kumbe ulikuwa unajaza daftari, ukurasa wa kushoto Kikorea, wa kulia Kiswahili, na pembeni maswali yako kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa ukisema, "Hawa wameimba habari zetu, Mwana, ila hawajui."

Mstari tulioupenda kuliko yote uliutafsiri hivi: "Neno langu limechelewa, ningoje." Mimi nikaufanya dua. Niliuimba moyoni kabla ya kupiga simu, kabla ya kuingia dukani, kabla ya kujibu salamu za wakubwa. Ningoje. Maana hakuna aliyekuwa akiningoja. Siku ile Mama kanituma sabuni, nikafika dukani nikaanza sa, sa, na mwenye duka akanipimia sukari. Nikaichukua nikaondoka nayo, maana kubisha kungekuwa kazi kubwa zaidi. Wewe ndiye uliyenirudisha. Ulisimama pale kaunta ukamwambia, "Shikamoo mjomba. Huyu ana neno lake, hajamaliza." Watu nyuma yetu wakaguna. Nilimaliza. Nikatoka na sabuni.

Miaka yote hiyo hukuwahi kunimalizia neno. Hata ukiwa na njaa, hata ukiwa umeshajua ninachotaka kusema.

Na mimi, Rehema, nilikumalizia lako. Hili sijamwambia mtu. Siku ya mwisho wodini ulifungua mdomo, pumzi ikakuishia katikati ya neno, nami kwa hofu nikasema, "Maji? Unataka maji?" Ukatikisa kichwa. Nikakupa maji hivyo hivyo. Ukanywa funda moja, ukafumba macho. Sijui mpaka leo ulitaka kusema nini. Miezi minane nimekuwa nikihesabu maneno yanayoanzia pale ulipoishia, na ni mengi mno.

Ngoja nivute pumzi.

Nilipoliona tangazo la hii kambi, niliona aibu kubaki nyumbani wakati daftari lako liko kwenye begi langu. Nikaenda. Msaili alikuwa meneja mwenyewe, mama mmoja wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Akaniuliza kwa nini nataka kukaa mapokezi. Nikakwama vibaya, taya likakaza kabisa. Nikamwona anaangalia kalamu yake. Basi nikafanya ulichokifanya dukani, safari hii kwa ajili yangu mwenyewe. Nikasema, polepole, na kukwama kwangu humo humo, "Mama, nina kigugumizi. Neno langu linachelewa, lakini linakuja. Naomba uningoje." Akavua miwani. Akaegemea kiti. Akasema, "Sina haraka, mwanangu."

Nikaeleza yote. Sikumbuki nilichukua dakika ngapi. Alipouliza lugha ninazozijua, nikataja Kiswahili, Kiingereza cha shule, na Kikorea cha nyimbo. Alicheka, lakini alikiandika.

Sasa sikia habari ya pili. Wiki iliyopita alikuja mama wa Kikorea na binti yake, wamekuja kuona wanyama. Ilikuwa mchana, mapokezi kumetulia, nami napanga funguo huku naimba kwa sauti ya chini. Nikasikia mtu ameupokea ule mstari. Nageuka, yule mama kasimama mlangoni na kofia mkononi, anaimba na mimi, mlinzi katoa macho.

Nikamwonyesha daftari lako. Akapitisha kidole kwenye herufi zako, akasema kwa Kiingereza chake na changu kwamba mwandiko wako ni wa mtu mwenye subira. Nikamsomea tafsiri yetu. Akafikiri, akatikisa kichwa. Akaniambia kwenye mstari ule wameimba "kidaryo", yaani kungoja, peke yake, hamna mimi wala wewe, na hata hilo neno lililochelewa halikutajwa ni la nani. Lugha yao inaruhusu hivyo, msikilizaji anajaza. Yaweza kuwa ningoje, na yaweza kuwa nakungoja. Lakini ubeti wa juu yake unamsemesha mtu mwenye hofu, kwa hiyo anayengoja ni mwimbaji. "Neno lako limechelewa, nakungoja."

Nilikaa chini, Rehema. Nilikaa chini na sare yangu ya kazi.

Mimi nimeomba kungojwa miaka yote, kumbe wimbo ulikuwa unaniahidi tangu siku ya kwanza. Na aliyeniwekea sikioni alikuwa ameshaanza kuitimiza ahadi yenyewe kabla hata hajaielewa. Yule mama aliponiuliza mwenye daftari yuko wapi, nikamwambia ametangulia. Akanishika mkono akakaa na mimi mpaka binti yake alipokuja kumwita.

Tangu siku hiyo lile neno lako la wodini limeacha kunichoma. Sikujua kungoja siku ile, lakini nimejua sasa. Sikujazii tena. Halina haraka, na mimi sina haraka.

Jumapili nilikwenda Bagamoyo kumweleza mama yako. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za madrasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu alikosea?" Nikasema ndiyo mama, neno moja. Akacheka, Rehema. Kicheko chenyewe, kile cha kupiga paja. Akasema, "Na alivyokuwa mbishi." Kisha akataka nimwimbie, na majirani wakaja kuchungulia dirishani.

Sasa nikuage, maana kuna kazi inaningoja. Kesho asubuhi linakuja kundi la wageni thelathini, na meneja ameniomba nisimame mbele yao niwakaribishe, niwaeleze taratibu za kambi. Angeweza kumpa mwingine. Nilipotaka kukataa alisema, "Mimi nimekuomba wewe." Nikakubali.

Nitakwama, hilo nalijua. Nakuahidi sitaomba radhi kwa hilo, wala sitakimbilia neno rahisi kukwepa lile gumu. Nitasema jina langu lote, na la baba yangu, kisha nitawaambia karibuni Saadani.

Mola akupumzishe penye nuru, shoga yangu. Mimi naenda kupiga pasi.

Wako,
Mwanaidi