Jina Lako Sikulipeleka

Dada yangu Selina,

Wiki yetu ya tatu hapa Maryland, mwanamke mmoja aliniita kwa jina lako. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika duka la vyakula vya kwetu kule Hyattsville, mtaa ulikoishi miaka yote ile. Nilikuwa nimeinama nikichagua viazi vitamu. Mwenye duka, Mkongo wa makamo anayeitwa Mama Bea, aliangusha sakafuni mifuko ya sombe, yale majani ya muhogo, aliyokuwa akiipanga kwenye friji.

"Mama Naliaka!" akasema. "Ee Mungu! Si balituambia ulishakufa?"

Nikamwambia mimi si wewe, mimi ni mdogo wako. Alinishika mashavu kwa mikono iliyopoa, akanitazama, kisha akaanza kulia. Mimi sikuweza kulia naye. Nilisimama pale kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake.

Hujui tulivyofika huku, maana ulikuwa umeshaondoka. Mimi na Mzee Barasa, shemeji yako, tulipostaafu, mimi ualimu na yeye ufundi wa umeme, kanisa letu lilituita tuje kutumikia hekaluni kwa miezi kumi na minane. Hekalu lenyewe unalijua. Siku moja ulinipigia simu ukacheka: "Leo nimepita chini ya jumba lenu la Wamormoni. Minara imechongoka kama sindano! Njoo basi ulione, na mimi unione."

Kila simu ulisema hivyo. Njoo unione. Nami nikasema shule ikifungwa, kitinda mimba akimaliza chuo, viza ikitoka. Hata ulipolazwa nilisema hivyo. Nilikuzika kwa kutazama simu pale sebuleni Kitale, mtandao ukikatika kila walipolisogeza jeneza, kwa hiyo sikukuona ukiteremshwa. Viza ilipotoka ulikuwa umekaa kaburini miaka miwili. Barabara za hapa nazipita zote kama mtu aliyechelewa.

Wiki yetu haina mambo mengi. Jumanne hadi Jumamosi tunatoka mapema, shemeji yako amebeba mfuko wa nguo zetu nyeupe kwa mkono mmoja, mwingine amenishika nisiteleze. Ndani sote tunavaa nyeupe, kuanzia kola hadi viatu. Kazi yangu kubwa ni kunong'ona. "Pitia huku. Keti hapa. Pole pole, ngazi hiyo." Jumapili tunasali na Wakongo na Wakenya wenzetu, nawauliza watoto maswali kwa Kiswahili, nao wananijibu kwa Kiingereza bila wasiwasi wowote. Jumatatu hekalu limefungwa, basi tunafua, tunanunua chakula, tunampigia Naliaka wako.

Na kutwa nzima naitwa Dada. Dada Barasa, njoo. Dada Barasa, asante. Maisha yangu yote neno hilo lilikuwa lako. Mimi ndiye niliyeliita, wewe ndiye uliyeitika. Mpaka leo mtu akisema "Dada" nyuma yangu, kwanza nangoja uitike.

Mbaya zaidi ni kioo cha chumba cha kubadilishia nguo. Tangu siku ya Mama Bea nakiogopa. Nikimaliza kufunga vifungo nainua uso, na aliyesimama pale ni wewe, uso mpana wa mama yetu, umevaa nguo ambayo hukuwahi kukubali kuivaa.

Ndani ya hekalu watu husimama kwa niaba ya waliokufa. Mtu huja na kadi yenye jina la bibi yake, akabatizwa kwa jina hilo, kwa imani kwamba marehemu huko aliko anaweza kupokea au kukataa. Mimi naiamini imani hiyo, Dada. Usidhani nimekuja Amerika kutalii.

Lakini nakumbuka pia mto Nzoia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Nilishika viatu vyako ukingoni, mchungaji akakuzamisha, baba akaimba kwa sauti iliyopasuka. Ulitoka majini unatetemeka na kucheka, ukaja moja kwa moja ukanikumbatia, nguo zikichuruzika maji, mpaka gauni langu la Jumapili likalowa lote. "Na wewe umebatizwa sasa," ukaniambia. Mama alinichapa kwa sababu ya lile gauni. Wewe ukasema ni kosa lako, ukachapwa pia, na maji ya ubatizo hayajakukauka.

Ndiyo maana nilipohamia kanisa hili uliumia kuliko ulivyonionyesha. Hukunigombeza. Ulikaa kimya wiki nzima, kisha ukapiga simu. "Wewe amini unachoamini. Ila nikitangulia, msinibatize huko kwenu. Nilibatizwa mbele ya baba. Inatosha."

Nikakuahidi. Nikakuahidi huku nikifikiri kwamba una miaka mingi bado, na kwamba utabadilika.

Jumatatu moja mwezi uliopita nilikuwa nakunja nguo, shemeji yako yuko mezani na kompyuta yake na karatasi za ukoo. Nikasogeza karatasi niweke mashati. Chini yake palikuwa na kadi ya rangi ya waridi, ndizo kadi za wanawake. Nikasoma: Selina Nanjala Wekesa.

Nikakaa juu ya zile nguo.

"Baba Wanjala," nikamwita kwa jina la mtoto wetu, "hii ni nini?"

Alivua miwani. "Nilitaka kukuandalia. Mwaka unaotakiwa na kanisa umeshapita, na zaidi. Nilidhani wewe ungependa kusimama badala yake. Mnafanana hivyo."

"Alikataa. Unajua alikataa."

"Alikataa akiwa hapa. Huko anaona mambo mengine. Na bado ana hiari, mama. Anaweza kukataa mwenyewe."

"Ameshakataa," nikasema. "Unataka akatae mara ngapi?"

Lakini mimi, nikwambie ukweli, sikuirudisha ile kadi mezani. Niliitia kwenye mkoba wangu. Nilitembea nayo wiki nzima, Jumanne hadi Jumamosi, ikaingia nami hekaluni na kutoka. Niliwaza: nani atajua? Dada amelala. Nitaingia majini mara moja tu, na nitakuwa nimempata milele. Mtaani nachukuliwa kuwa wewe bila kutaka. Mara hii ningekuwa wewe kwa kutaka. Alhamisi nilifika mpaka mlango wa chumba cha ubatizo, mkono uko ndani ya mkoba. Nikasikia maji. Nikaona haya, kama ninayekuibia ukiwa usingizini, nikageuka.

Kanuni yetu inasema aulizwe wa karibu zaidi, na wa karibu zaidi ni mwanao Naliaka. Jumatatu iliyofuata nikapanda basi mpaka kwake. Alikuwa ametoka kazini, bado na sare yake ya uuguzi. Nikaweka kadi mezani, nikaeleza yote bila kuficha. Alinisikiliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema ulimwambia na yeye, hospitalini, siku ambayo hukuwa na nguvu ya kusema mengi. Kisha akatafuta maneno ya kwetu, nadhani ili nisije nikasema sikuelewa.

"Mama alisema, 'Mdogo wangu atakuja na mambo ya kanisa. Mwambie nampenda. Mwambie hapana.'"

Alilisema "hapana" kwa sauti yako, Dada. Sauti yako kabisa, na kule kuvuta mwisho wake.

"Nilikuwa nangoja uniulize, Auntie," akasema. "Niliogopa hutauliza."

Basi ulijua. Ulikuwa kitandani, unapumua kwa shida, na bado ulijua kwamba ahadi yangu haina nguvu.

Niliporudi nilimwambia shemeji yako. Hakubisha. Alifungua kompyuta, akaliondoa jina lako mwenyewe, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akaweka mikono usoni. Usisahau kwamba wewe ndiye uliyemtetea mbele ya baba, pale wote waliposema fundi umeme hawezi kumtunza mwalimu. Anakupenda kama dada yake wa tumbo moja.

"Basi, mama," akaniuliza, "tutakutana naye wapi?"

Miaka arobaini ya ndoa, na hilo ndilo swali la kwanza la imani aliloniuliza ambalo sikuwa na jibu lake. Nilimshika bega tu. Mpaka sasa tunalala na swali hilo katikati yetu.

Nakuandikia haya waziwazi, wayasome na wengine wenye ndugu waliotangulia na neno la mwisho mdomoni. Sijui kama nimekuheshimu au nimekupoteza. Yote mawili nayahisi kwa saa moja.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimesimama ukutani, mikono imekunjwa, wakisoma majina ya marehemu. Msomaji akasema, "Selina." Niliwaza, ameghairi, amekuja mwenyewe, kwa njia yake. Nikafumba macho nikingoja jina la baba yetu lifuate.

Likafuata jina la watu wengine.

Nikafumbua macho, nikamwonyesha mama mmoja mzee mahali pa kukaa.

Pumzika, Selina, kwa jina ulilopewa na maji uliyoyachagua.

Mdogo wako