Siku Tuliyofunga Stata ya Kobe

Shikamoo baba,

Najua hutaitikia, na kwa mara ya kwanza siwezi kukununia kwa hilo. Nimekaa hapa Mabatini, kwenye ngazi ya nyumba yako, nina jambo la kukugombeza. Nivumilie, kama ulivyonivumilia siku zote.

Unalikumbuka kobe? Gari lako la mgongo wa mviringo, injini nyuma, rangi ya chai ya maziwa, kuukuu kuliko mimi. Stata yake ilikufa mwaka uleule kiwanda cha pamba kilipobinafsishwa, mkapunguzwa kazi siku moja wewe, rafiki yako Mzee Masanja na kijana wake Paulo. Tangu hapo ukawa unaliegesha mteremkoni, jiwe chini ya tairi. Asubuhi unaondoa jiwe, gari linaserereka, unagonga gia, linakohoa, linawaka. Majirani walisema milima ya Mwanza iliumbwa kwa ajili yako.

Mteremko ulikutosha mpaka Paulo aliponichumbia. Mzee Masanja alikuwa amerudi kwao Sengerema kulima, lakini kila Jumamosi alivuka ziwa kuja kucheza bao na wewe, na mlicheka mpaka mama akawafukuza uani. Sasa mngekuwa ndugu kabisa. Ila kwenda Sengerema ni kupanda kivuko Kigongo na kushuka Busisi, na pale barabara inapanda. "Gari la bibi harusi lisukumwe mbele ya wakwe?" ulimwambia mama. "Bora twende kwa miguu." Ukazunguka maduka mapya ya vipuri vya mitumba, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vimeanza kuonekana, mpaka ukarudi na stata ndani ya gazeti, umeipakata kama mtoto mchanga.

Siku ya kuifunga mama alikuwa kwaya. Ulitoa waya za betri, ukapiga jeki, ukaingia chini. Stata ya kobe haifungwi na mtu mmoja. Mmoja analala chini anaibeba, mwingine anainama kwenye injini kushika bolti ya juu, ambayo haionekani, unaipapasa tu. Mimi nilikuwa wa juu. Nilichoona ni viatu vyako vikichungulia ubavuni. Na nakiri leo, baba, nafasi ile niliichagua. Ulikuwa na chuma kizito kifuani, usingeweza kuinuka. Neno lile nilikuwa nimelimeza wiki tatu. Mama ningemwambia angelia, na machozi yake yangeniozesha.

"Baba, sitaki kuolewa na Paulo."

Spana ikanyamaza. 

"Bolti umeishika?"

"Nimeishika."

"Usiiachie."

Ukakaza taratibu, mpaka mwisho, kisha ndiyo ukauliza. "Yuko mwingine?"

"Hayupo, baba."

"Paulo amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Moyo wangu haujaenda kwake, basi."

Ulitoka chini paji zima la uso limejaa grisi. Hukunitazama. Ulirudisha waya za betri, ukakaa kwenye usukani, ukazungusha ufunguo. Kobe likaunguruma papo hapo, kwenye tambarare, bila kusukumwa na mtu. Ukalisikiliza kidogo, halafu ukasema, "Haya mayu, mama yangu, angalau mmoja wenu amekubali." Nilicheka huku nalia. Sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda dakika ile.

Kesho yake ulivaa koti la kanisani ukaenda Sengerema peke yako. Nilitaka kukusindikiza, ukanikatalia: "Haya ni ya wazee." Ulirudi jua linazama, ukanawa mikono, ukasema yamekwisha na hakuna atakayeniuliza. Kweli, hakuna aliyeniuliza. Lakini Jumamosi iliyofuata Mzee Masanja hakuja, wala ile nyingine. Bao ukaliweka juu ya kabati. Nilijua ni kwa sababu yangu, nikawa naona aibu kupita karibu yako siku za Jumamosi.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Nilikutana na mzee yule Kigongo mara mbili, nikajificha nyuma ya watu, naye akanitafuta. "Hujambo mwanangu?" Mara ya pili alinipa sato wawili wabichi. Nikajiambia, mtu huyu ana moyo mkubwa, ananisamehe mimi na kumnunia baba.

Sasa sikiliza. Siku ya tatu ya msiba wako, kule Usagara tulikokuzika, nyumbani kwa babu, Mzee Masanja alikuja. Amezeeka, anatembelea fimbo. Nikampelekea chai. Akanishika mkono, akasema, "Nimemsamehe baba yako. Alikaa sebuleni kwangu akanitamkia kwamba hawezi kumpa binti yake kijana aliyepunguzwa kazi. Tulipunguzwa wote siku moja, mwanangu! Halafu ananiambia mimi hivyo."

Baba, kumbe ndivyo ulivyosema. Ulichukua neno langu ukalifanya lako, tena ukalipaka ubaya ili asije akalirudisha kwangu.

Nikapiga magoti mbele yake. "Si baba aliyekataa. Ni mimi. Nilimwambia baba sitaki, yeye akakudanganya."

Akauliza, kikombe mkononi, "Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Akaweka kikombe chini, akaomba apelekwe tena kaburini. Nilimsindikiza, akaniambia nirudi. Nilisimama nyuma ya mihogo, nikamsikia akikufokea Kisukuma, sauti ya juu, kama ugomvi wa kwenye bao. Alikuita mjinga, alikuita mwongo. Kisha akavua kofia, akaketi kwenye udongo karibu na kichwa chako, wala hakutaka kuinuliwa mpaka chakula kikapoa.

Hicho ndicho ninachokugombeza. Kwa nini hukuniambia? Ningepanda kivuko mwenyewe, nikaenda kumrudisha rafiki yako. Nimeuliza hivyo usiku na mchana, na jibu nimelipata leo, hapa kwenye ngazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ninakupenda kupita kiasi. Ningeenda Sengerema, ndiyo. Na ningebaki huko, nimeolewa, ili wewe uwe na mtu wa kucheza naye bao.

Ulijua, baba. Lala salama.

Ni mimi binti yako,
Kabula