Jembe la Mtakatifu Yosefu

Tingi, huku ziwani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu tangu mavuno ya kahawa. Sina udhuru, uzembe ni uzembe hata kwa mwalimu mstaafu. Je, mguu wako umepona? Sisi hatujambo, ila mvua imekata barabara, hivyo barua hii inaletwa na mtu wa miguu.

Unaikumbuka sanamu ya Mtakatifu Yosefu ambayo baba aliichonga huko Mkumbi, mwaka ule mama alipofariki, na wanaume wanne wakaibeba kwa machela hadi kanisani kwetu huku. Padre alimpa picha ya kufuata. Katika picha, Mtakatifu ameshika ua la yungiyungi. Baba akamshikisha jembe la kweli, lenye chuma. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nikamwambia amekosea. Hakuinua macho. Alisema, "Mwenye mke na mtoto ashike ua la nini?"

Tangu hapo, mvuvi akinusurika dhoruba hufunga uzi wa wavu kwenye mpini wa jembe hilo. Sasa mpini ni mnene kama mkono wa mtu. Wanawake nao hugusisha mbegu za mahindi kwenye chuma chake kabla ya kupanda. Sijaona kazi ya mikono iliyopendwa hivyo.

Lakini siku hizi maduka ya mjini yamejaa bidhaa, na mfanyabiashara mmoja ametuletea Yosefu wa plasta, mwenye yungiyungi. Nafasi ni moja. Sanamu itakayoikosa itawekwa stoo. Paroko amesema mwana wa mchongaji ndiye aamue kabla ya sikukuu. Nilipotamka kwamba ile mpya ndiyo sahihi, bibi mmoja, mjane wa mvuvi, aliniambia mbele ya baraza, "Mwalimu, umemaliza kusahihisha watoto, sasa umewafikia watakatifu?" Walicheka wote.

Jumapili baada ya misa nililikagua jembe kwa karibu, kwa mara ya kwanza. Chuma kimelika upande mmoja tu, kama cha jembe la mama, aliyechimba mashimo ya ngolo, yale ya kulimia mlimani, kwa mkono wa kushoto. Unakumbuka, baada ya mazishi jembe lake halikuonekana, tukasema limeibwa. Wewe ulikuwa nyumbani muda wote baba alipokuwa akichonga. Niambie, dada: ndilo?

Nisalimie shemeji, mtunzaji wa mibuni ya baba, na binti yako mkunga.

Nikishaamua nitakuandikia. Kwa sasa ufunguo wa stoo ninao mimi, na mlango wake sijaufungua.

Mdogo wako,
Damasi